Njomba Fundi Anajibu: Vepu ya bei nafuu ni ipi?

Mwezi uliopita niliandika mistari minne tu kuhusu chaja mbovu, nikataja vepu kama mfano, basi. Meseji zimedondoka kama mabibo mwezi wa kumi. Wengi wanauliza kitu kimoja, ile sigara ya umeme ya bei poa ni ipi. Mi ni fundi simu, sio daktari na siuzi vepu, ila nimevuta fegi miaka kumi na sita na hizi mashine nimefungua za kutosha, kwa hiyo nitajibu ninachokijua. Kama huvuti chochote ruka ukurasa nenda kwenye mapishi, humu hamna chako.

*Njomba shikamoo. Mi nipo hapa Mtwara, Chikongola, napiga kazi ya kupakia korosho bandarini, nina miaka 34 na fegi nimeanza nikiwa na 19. Kwa siku navuta kumi na mbili, nanunua moja moja shilingi 250. Mwezi wa tisa jamaa yangu akaniletea vepu ya kutupa toka Dar, elfu 30, nikaipenda, wiki ile fegi sikugusa kabisa, tatizo ile kitu ikaisha siku ya tano. Nikaagiza nyingine, siku tano kwisha. Ya tatu hivo hivo. Sasa jamaa anasema niachane na za kutupa ninunue ile mashine kubwa ya betri mbili, laki na themanini, eti ndo nafuu kwa muda mrefu maana nitakuwa najaza juisi mwenyewe. Nimedunduliza laki na ishirini. Nikope ifike au kuna njia nyingine? Wife keshaanza kununa.*

Marahaba njomba, na usikope. Hiyo laki na ishirini inatosha na chenji inabaki, ila tukae tupige hesabu kwanza maana jamaa yako kakwambia nusu tu ya habari.

Fegi 12 kwa 250 ni 3,000 kwa siku, mwezi 90,000. Vepu ya kutupa elfu 30 kwa siku tano, mwezi zinaingia sita, 180,000. Yaani umeacha fegi ukahamia kwenye kitu kinachokula mara mbili ya fegi, shemeji ana haki ya kununa. Mitandaoni utakuta watu wanaapa vepu imewaokolea hela na hawadanganyi, ila wengi wao wapo Uingereza ambako pakiti moja ya sigara inapita pauni 14 kwa sababu ya kodi, sasa mtu kama huyo hata akivutia mashine ya dhahabu bado kaokoa. We wa Chikongola unayechomolewa moja moja dirishani kwa Mangi hesabu yako ni nyingine kabisa.

Sasa twende kwenye mashine yenyewe. Vepu yoyote ile, ya elfu 30 au ya laki tatu, ndani ina vitu vitatu tu, betri, koili, yaani kijiwaya kilichosokotwa, na juisi, kile kimiminika chenye nikotini. Betri inapasha koili, koili imekumbatia pamba iliyolowa juisi, juisi inageuka mvuke we unavuta. Mashine unanunua mara moja. Kinachokukamua ni juisi na koili, wiki hadi wiki. Ile mashine kubwa anayokusifia jamaa inafanya kazi kwenye wati 60, 70, hadi 80 na zaidi, unavuta moja kwa moja mapafuni kama mtu wa shisha, na ule moshi wote unaojaza chumba ni juisi yako inateketea. Mtu wa mashine hiyo anamaliza mililita 10 mpaka 15 kwa siku bila kujitambua. Na kwa kuwa anavuta moshi mwingi lazima juisi yake iwe na nikotini ndogo, miligramu 3 kwa kila mililita, akiweka kali atazunguka kichwa atapike. Kile kijimashine kidogo cha podi, yaani kikopo cha plastiki chenye juisi na koili unachochomeka kwenye betri, kinatumia wati 12 hivi, unavuta mdomoni kwanza alafu ndo unashusha, kama fegi, kwa siku kinakunywa mililita 2 tu kwa hiyo unaweza kuweka juisi ya miligramu 20.

Sasa zidisha mwenyewe. Mililita 12 mara miligramu 3 ni 36. Mililita 2 mara miligramu 20 ni 40. Nikotini karibu ile ile njomba, ila mmoja kateketeza juisi mara sita ya mwenzie. Chupa ya mililita 30 kwako inakaa siku 15, kwa jamaa yako siku mbili na nusu, alafu anakwambia ndo nafuu.

Kwa hiyo chukua mashine ya podi ya kujaza, ile ndogo inaingia kwenye mfuko wa shati, betri ya mAh 800 mpaka 1000, koili ya omu 0.8 mpaka 1.2. Hiyo namba ya omu, kipimo cha koili inavyozuia umeme, imeandikwa kwenye podi yenyewe, ndo uitazame kabla ya rangi na mataa. Ukiona 0.2 au 0.3 ujue hiyo ni mlafi, inakula betri na juisi vyote viwili. Kisha kabla hujatoa hela muulize muuzaji swali moja tu, podi za akiba za hii unazo ngapi hapo dukani? Akianza kuzungusha maneno, mara zinakuja wiki ijayo mara kuna mtu Kariakoo, toka nje. Mashine ya elfu 40 isiyo na podi mjini ni ghali kuliko ya elfu 60 yenye podi, maana siku podi inaungua unabaki na kipande cha plastiki na hamu ya fegi. Sisi huku vitu vinakuja na basi toka Dar zaidi ya kilomita 500. Mnakumbuka mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita, mvua zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar, mabasi yamelala njiani? Mi nilikuwa nimebakiwa na podi moja inanuka moto, siku ya pili nikajikuta nipo kwa Mangi nanunua fegi. Kwa hiyo siku zote kaa na podi mbili za akiba na chupa moja haijafunguliwa.

Bei nilizouliza wiki hii hapa mjini, mashine ya podi ya kujaza 55,000, juisi ya mililita 30 ni 25,000, podi ya akiba 10,000. Mwezi wako utakuwa chupa mbili 50,000 na podi tatu 30,000, jumla 80,000. Fegi ilikuwa 90,000. Faida elfu kumi. Ndo ukweli wenyewe, sio utajiri, na mashine yenyewe itarudisha hela yake baada ya miezi mitano na ushee. Ila ukilinganisha na ile laki na themanini ya za kutupa umeokoa laki nzima kila mwezi, hiyo mwambie shemeji.

Unataka ishuke zaidi? Kinachoua podi haraka ni utamu. Zile juisi tamu tamu, keki, pipi, embe la maziwa, zinatiwa kiongeza utamu kinachogandia kwenye koili mpaka inakuwa nyeusi kama sufuria ya kukaangia karanga. Juisi isiyo tamu sana, mnanaa au ladha ya tumbaku, nimeona podi ikigonga wiki tatu wakati ya keki inakufa ndani ya siku sita. Podi moja na nusu hivi badala ya tatu ni kama elfu 15 imebaki mfukoni, kwa kubadili ladha tu.

Kitu kingine, geuza boksi la ile ya kutupa utazame, nakuwekea dau imeandikwa 5%. Hiyo ni miligramu 50 kwa mililita, nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu kupita 20. Ndo maana fegi uliiacha kirahisi hivo, ulipewa kitu kikali. Ukishuka kwenda 2%, yaani 20, siku tatu nne za mwanzo utakuwa na hasira za bure, mwambie shemeji mapema asije akadhani ni yeye. Na ile namba kubwa ya kwenye boksi, eti "pafu 5000", yaani mivuto 5000, isikubabaishe, wanapima kwenye mashine inayovuta kidogo kidogo. Kwetu pafu ni mawili, la kushoto na la kulia, na hayo hayauzwi kwenye boksi.

*Mambo njomba. Mi nipo Lindi, Mitwero. Nimepata mashine ya betri moja ya kutoa, nimeuziwa na mchina wa site elfu 35 ila haina betri. Nina betri za laptop mbovu nimezipasua ndani zimekaa nne zinafanana kabisa na ile nafasi. Nikiweka itafanya kazi?*

Itawaka. Ndo shida yenyewe.

Hizo zinaitwa 18650, kipenyo milimita 18 urefu milimita 65, ndo maana zimeingia. Ila za laptop zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa masaa, nyingi hazitakiwi kupita ampea 5. Mashine ya betri moja ukiiweka wati 60, gawanya kwa volti 3.7, inadai ampea 16. Unaibebesha betri mzigo mara tatu ya uwezo wake alafu umeishika sentimita kumi kutoka usoni. Tafuta betri iliyoandikwa ampea 20 na kuendelea, ya jina linaloeleweka. Na ukikuta 18650 imeandikwa mAh 9800, zile za kwenye tochi, cheka alafu endelea na safari, ya kweli inacheza kati ya 2000 na 3600 hivi.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea mashine yake eti haiwaki. Suruali ilikuwa na tundu mfukoni, kingo za tundu zimeyeyuka zimekuwa ngumu. Betri ya akiba alikuwa kaiweka mfuko mmoja na funguo za bodaboda. Nikaiangalia kwa lenzi yangu ya kutengenezea simu, ile ngozi ya plastiki ilikuwa imechanika kama punje ya mchele tu, juu kabisa karibu na kichwa cha chanya, na kile kiduara cha karatasi kimekuwa rangi ya chai. Watu hawajui kwamba bati lote la betri ni hasi, juu mpaka chini, sio kitako tu. Funguo ikigusa kichwa na ile punje ya mchele kwa pamoja umeshapiga shoti. Kijana aliungua paja, alikuwa anatembea kama katoka jandoni. Kwa hiyo betri ya akiba inakaa kwenye kikasha chake cha plastiki, kinauzwa bei ya soda, na ngozi ikichanika tunabadilisha ngozi, na mi hapa nabadilisha.

Kwa maoni yangu lakini, uza hiyo mashine ununue podi yenye betri ya ndani. Elfu 35 yako betri mbili za maana na chaja ya nje zitaipita.

Hapo hapo niseme kuhusu kuchaji maana kila wiki naletewa podi "mbovu" ambazo ni nzima. Nyingi za bei ndogo zina tundu la C, mtu anachomeka waya wa C huku na C kule kwenye ile chaja mpya ya simu, haichaji, anakuja kwangu au anaitupa. Sio mbovu, hawajaweka vile vikinza viwili vidogo vinavyoongea na chaja, wamebana matumizi. Tumia waya wenye kichwa kile kipana cha zamani na kichaja cha kawaida cha ampea moja, itachaji. Chaja za kasi achia simu. Na usiichaji usiku umelala, hasa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo.

*Salamu mwandishi. Huku Newala juisi hatupati, mpaka mtu aende Mtwara au Masasi. Mimi nimefikiria nichukue ugoro niuloweke kwenye glisirini ile ya kujipaka, nichuje na kitambaa, niongeze arki ya vanila kidogo ya mapishi. Mwenzangu kasema mafuta ya nazi yanafaa zaidi kwa sababu ni ya asili. Nijibu haraka nimeshaloweka.*

Kamwage.

Nakuelewa, kweli juisi ndani yake kuna glisirini, na kitu kingine chepesi kinaitwa propilini glaikoli, na ladha, na nikotini. Kwa hiyo wazo lako halijatoka hewani. Ila glisirini ya kujipaka nyingine ina manukato na maji na vitu vingine vya ngozi, na ngozi sio pafu. Ugoro una majivu na magadi na uchafu mwingine ambao kitambaa hakichuji, utagandia kwenye koili siku ya kwanza, na hutajua umeweka nikotini kiasi gani, unaweza kuvuta mara tatu ukaanguka. Nikotini ikiwa nyingi ni sumu kabisa, hata kwa kupita kwenye ngozi.

Mafuta ndo usithubutu, na hilo nalikazia kwa mwenzako. Mafuta ya nazi, ya alizeti, ya korosho, ya habasoda, yote. Mafuta hayageuki mvuke kama glisirini, yanapaa kama vitone vidogo yanaenda kukaa kwenye mapafu na mapafu hayana jinsi ya kuyatoa, unapata homa ya mapafu ya mafuta. Mwaka 2019 Marekani walipata janga la wavuta vepu kuumwa mapafu, mpaka Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au wamekufa, vifo 68, na walipochunguza wakakuta kwenye vepu nyingi za bangi za mtaani kumechanganywa mafuta ya vitamini E ili juisi ionekane nzito. Vitamini kabisa, ile unayomeza salama. Cha kumeza ni kingine na cha kuvuta ni kingine. Kwa hiyo neno "asili" halikusaidii hapa, hata moshi wa kuni ni wa asili.

Newala sio mbali kihivyo, mpe konda hela akuletee chupa mbili, zikae kabatini pasipo na jua. Juisi ikipigwa na jua inageuka rangi ya chai ya rangi na ladha inaharibika.

*Njomba podi mpya ina siku moja tu inanuka moto ukivuta koo linakwaruza, nimeibiwa? (Nachingwea)*

Hapana, umeiunguza mwenyewe. Pamba ikiwa kavu ukabonyeza inaungua palepale na haiponi. Podi mpya ukijaza iache imekaa dakika kumi ndo uvute, na kama koili inatoka, dondoshea juisi matone matatu manne kwenye pamba kabla hujaifunga. Alafu angalia usije ukawa umeweka juisi nzito ya mashine kubwa, ile imeandikwa VG 70, yaani asilimia 70 ni glisirini, kwenye koili ndogo haipenyi vizuri. Ya podi ni nusu kwa nusu, glisirini na propilini glaikoli.

*Njomba mimi ni fundi cherehani lakini mikono yangu inashika kila kitu. Nimesikia watu wanasuka koili wenyewe inakuwa karibu bure. Ni kweli? Nipo Masasi.*

Kweli tupu, na hii ndo njia ya bei ya chini kuliko zote kwa mtu mwenye subira. Unanunua tanki la kusuka, lile la kufungia koili uliyosuka mwenyewe, mara moja, rola ya waya wa kanthali, ule wa kutengenezea koili, mita 10 na mfuko wa pamba, mwaka unaisha. Sentimita 6 za waya wa geji 28 zinakupa karibu omu 1, unazungusha kwenye bisibisi nyembamba, unafunga skrubu mbili, unapitisha pamba iwe inateleza kwa shida kidogo, isilegee isibane. Pamba iwe pamba kweli, zile za nailoni zinayeyuka. Ila kuna sharti moja, upime omu kabla ya kubonyeza, kwa mita au kwenye mashine yenyewe inayosoma. Bati la mashine lisilo na akili, lile la kuunganisha betri moja kwa moja na koili bila saketi ya kukulinda, usisukie kabisa. We wa cherehani utaweza, sindano na bisibisi ni ndugu. Mi mwenyewe nilijaribu mwaka mmoja nikachoka, macho yangu yanatosha kwa simu za watu.

*Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, nipo hapa hapa Mtwara, Magomeni. Kwenye begi la kijana wangu wa kidato cha tatu nimekuta kitu kama flashi ya kompyuta, cha rangi ya chungwa, kinanukia embe. Nikimuuliza anasema ni cha kunukishia mdomo. Ninyi mnaojadili bei nafuu mnatusaidia kweli sisi wazazi?*

Marahaba mama, hapana, ngoja, mi ndo nikuamkie, shikamoo.

Hicho ni vepu ya kutupa. Ukikigeuza chini utaona tundu dogo la hewa, na pengine pameandikwa 5% kwa maandishi madogo sana. Hakinukishi mdomo, kina nikotini, na ubongo wa mtoto wa kidato cha tatu bado unajengwa mpaka miaka 25 huko, ukizoea nikotini mapema unazoea haraka na kuacha kunakuwa kugumu. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, kama inagusa na vepu sina uhakika, ila aliyemuuzia ndo wa kuanza naye. Uingereza walizipiga marufuku hizi za kutupa tarehe 1 Juni 2025, sababu mojawapo ni hiyo hiyo, watoto wa shule.

Swali lako la mwisho limeniuma kidogo na una haki ya kuuliza. Namwandikia mtu aliyekwisha kuungua na fegi, anatafuta kushuka. Kwa mtoto hamna cha nafuu wala ghali. Kaa naye bila fimbo, uliza anatumia toka lini na akikaa bila inakuwaje. Akisema anatetemeka au halali, mpeleke hospitali azungumze na mtu. Na mwenye mdogo nyumbani, chupa ya juisi ifungiwe juu, inanukia kama pipi na mtoto wa miaka miwili akinywa kidogo tu inaweza kumuua.

*Njomba navuta fegi tatu kwa siku, moja asubuhi na chai, moja mchana, moja usiku nikitoka kuvua. Ninunue podi gani? Mikindani.*

Usinunue. Fegi tatu kwa 250 ni 22,500 kwa mwezi, hamna podi itakayoshuka hapo, alafu fegi ina mwisho, ikifika kwenye kichungi unaitupa, vepu haina mwisho, ipo mfukoni unavuta chooni, unavuta kwenye ngalawa, unavuta ukiwa unasubiri mwenzio ashuke. Mtu wa fegi tatu atajikuta anavuta nikotini ya fegi kumi. Zako tatu ni za kuacha moja kwa moja, anza na ile ya mchana maana hata we umeitaja bila sababu yoyote.

*Kwani we njomba mwenyewe unatumia nini mpaka leo?* Hili limeulizwa na watu kama saba, sijui mnataka kunifumania.

Natumia podi ya mwaka wa pili, kava limepasuka nimelizungushia utepe mweusi wa umeme. Nilianza na miligramu 20, nikashuka 12, nikashuka 6, sasa hivi nipo kwenye 3 na mililita moja inanipita siku nzima, chupa nasahau nilinunua lini. Jumapili iliyopita niliiacha dukani kabisa. Nikaenda kula ming'oko kwa shemeji, tukapiga soga, magharibi ikaingia ndo nikajipapasa mfukoni nikakuta haipo. Nikajisemea safi sana, leo imekwisha, nimeshinda bila. Saa tatu usiku nikaita bodaboda anipeleke kufungua duka. Elfu mbili kwenda na kurudi, hiyo sijaiweka kwenye hesabu za hapo juu.